Mwanangu usikubali wapige windo kwanza

Mwanangu,

Salamu mama, sisi huku wazima, bibi yako anauliza lini unakuja. Voisi yako nimeisikia, ile ya kompyuta yako ya Windows 7 kuweka pembetatu ya njano kwenye alama ya intaneti na fundi kusema lazima apige windo upya, yaani afute Windows yote aiweke tena. Mwambie asubiri bwana. Mafundi wengine ni kama duka la dawa linalotoa panadol kwa kila ugonjwa, atakupigia windo utapoteza mafaili yako ya chuo na kumbe shida ilikua waya.

Fungua Start uandike cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ibonyeze kitufe cha kulia uchague Run as administrator, alafu andika ipconfig ubonyeze enter. Angalia pale IPv4, ndo namba ya kompyuta yako kwenye mtandao. Ikianza na 169.254 ujue kompyuta iliomba namba kwa ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, haikujibiwa ikajipa yenyewe, na namba hiyo haikutoi nje ya chumba. Kwaiyo hapo tatizo lipo kati yako na ruta, usihangaike na mengine, chomoa waya wa mtandao uchomeke tena mpaka taa kwenye tundu ziwake, zima ruta uiwashe, afu andika ipconfig /release ikimaliza ipconfig /renew. Ikija 192.168 na kitu, au 10 na kitu, hapo sawa.

Kama namba ni nzuri ila kurasa hazifunguki, andika ping 8.8.8.8, hiyo inabisha hodi kwa kompyuta iliyo nje kwenye intaneti. Ukiona Reply basi intaneti unayo, kinachogoma ni DNS, ndo ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Jaribu ipconfig /flushdns, ikikataa iweke DNS mwenyewe kwenye setingi za kadi ya mtandao. Na kama yote haya yalianza baada ya kutoa antivairasi, andika netsh winsock reset uzime uwashe.

Sasa hili ndo nalishuku zaidi maana umesema hata ikiunganika inakwambia muunganisho si salama. Angalia tarehe pale kona ya chini! Mashine ya zamani betri yake ya ndani, ile ya duara CR2032, ikifa basi ukichomoa umeme saa inarudi nyuma miaka kibao, na tovuti zina vyeti vya kuthibitisha kuwa ni zenyewe, vina tarehe, kompyuta ikidhani tupo 2009 inaona cheti bado hakijaanza kazi inakataa. Rekebisha tarehe ujaribu, ikirudi nyuma tena badilisha betri, sio windo.

Tarehe ikiwa sawa na bado inakataa baadhi ya tovuti, hapo ni uzee wa Windows 7 yenyewe. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Chrome kwenye Windows 7 imeishia toleo la 109. Cheti kimoja kikuu kilichokua kinatumiwa na tovuti nyingi sana kiliisha muda 30 Septemba 2021, mashine ambazo hazijapata kipya zikaanza kugoma. Weka Firefox 115 ESR, hiyo inabeba vyeti vyake yenyewe haitegemei vya windo. Ila mambo ya benki fanyia kwenye simu tu, tafadhali.

Nitumie picha ya hayo maandishi ya ipconfig yote, na utulize mkono maana ile ya juzi sikuona kitu. Hela ya betri nimeshatuma, chenji nunua vocha.

Baba yako