Barua kwa binti yangu anayekwenda Muscat

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea mdogo wako pamoja na visheti. Nimeandika kwa sababu kila nikianza kuongea kwenye simu unaniambia mtandao unakatika, na mtandao haukatiki.

Nani atakupokea huko Muscat, Oman, unakokwenda kufanya kazi? Umesema "kuna mama mmoja wa ofisini". Mama huyo ana jina. Nalitaka, na namba yake nipige mimi mwenyewe kabla hujaingia kwenye ndege.

Najua utasema mama kasoma riwaya nyingi kule maktaba, za wasichana wanaodanganywa na kuuzwa. Nimesoma, ndiyo. Elizabeth Robins, mwigizaji wa Kimarekani aliyehamia Uingereza, alitoa moja mwaka 1913. Wasichana wawili wa shamba, baba yao kafa, wanakwenda London kukaa kwa shangazi. Stesheni wanapokewa na mwanamke nadhifu, ana gari lake, anawajua. Siye shangazi. Habari zao zilitoka kwa mshonaji aliyekuja nyumbani kuwashonea nguo za safari. Usiku, wakiwa mezani, mgeni mmoja anamwambia yule mkubwa kwamba hili ni danguro, anamsaidia kutoroka. Mdogo hakuonekana tena. Hakuna aliyevunja mlango wa mtu hapo, mwanangu. Walipanda gari kwa miguu yao na ahsante wakasema.

Mwaka huohuo New York ilichezwa tamthilia ya George Scarborough, The Lure, polisi wakataka kuifunga, ikabidi ifanyiwe marekebisho ndipo iendelee. Humo kuna binti muuza duka, mama yake mgonjwa, hela ya matibabu hakuna, anapewa anwani ya mahali pa kupatia kazi ya jioni, kumbe ni danguro. Dawa zangu za presha nazipata. Siku ile nililalamikia bei yake kwa sauti, nawe ulikuwa jikoni, yale ni maneno ya mtu aliyechoka tu. Usiyatie katika safari yako.

Sikufichi, vingi katika vitabu vile ni vibovu. Riwaya ya Reginald Kauffman ya mwaka 1910 ina binti wa Pennsylvania anayerubuniwa na kijana mtanashati kwa ahadi ya ndoa, basi ikawa kila mwandishi anaandika hivyohivyo: mwovu ni mgeni, msichana ni Mzungu. Biashara hiyo ya kuuza wasichana wenyewe waliiita utumwa wa weupe. Binti mweusi hakuna aliyemlilia. Hata sheria waliyoitunga Marekani mwaka huo wa 1910 kuzuia biashara hiyo, mwaka 1913 ikamtia hatiani bondia Jack Johnson, mtu mweusi, kwa ajili ya mwanamke wa Kizungu aliyekuwa mpenzi wake. Msamaha wake umetoka 2018, naye kafa tangu 1946. Kwa hiyo sikwambii uogope Mwarabu wala Mhindi. Anayekuuza anaweza kuwa anasema Kiswahili kizuri kuliko changu na kukuita mdogo wangu. Ndiyo maana nauliza nani atakupokea.

Aliyenigusa zaidi ni Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia, maana yeye alikwenda kwenye mshahara. Tamthilia yake Mrs Warren's Profession aliiandika 1893, Serikali ya Uingereza ikaikatalia jukwaa la wazi mpaka 1925. Mama mwenye madanguro anamsimulia binti yake msomi habari za dada yake yeye mama, mtu mwadilifu, aliyefanya kazi kiwanda cha madini ya risasi, si risasi za bunduki, saa kumi na mbili kwa siku, shilingi tisa kwa wiki, mpaka sumu ya risasi ikamwua. Binti mwenyewe, pamoja na elimu yake, anaishiwa maneno.

Sasa wewe una cheti cha hoteli, na watu hapa mtaani wanachoka kunisikia nikikitaja. Kwa nini basi mkataba wako umeandika "msaidizi" na haukusema wa nini? Saa ngapi kwa siku? Mjomba wako angeusoma mstari kwa mstari, ila wewe umesaini kwanza ukatuambia baadaye. Hiyo ni tabia ya baba yako, Mungu amrehemu. Pasipoti ikae kwako. Wakisema wanakutunzia, waambie una mkoba. Namba ya ubalozi wetu iandike kwenye karatasi, simu hupotea.

Kama yule mama hana jina hadi Ijumaa, ahirisha. Ada ya wakala ikipotea na ipotee. Cherehani nimeshaiuza na siiombolezi, macho yenyewe hayaoni tena tundu la sindano.

Hapa hatujambo. Mpangaji wa chumba cha uani kalipa nusu. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena upande wa jiko la mkaa, fundi anataka hela ya misumari kabla hajapanda juu. Bibi yako anaulizia zile kanga, nimemwambia ziko kwa dobi, kwa hiyo ukimpigia usije ukasema umeondoka nazo. Visheti mdogo wako asivimalize njiani, nimevihesabu.

Mama yako