Mbona Samaki Bila Mafuta Awe Ghali Kuliko wa Kukaanga?

"Mnauza maji kwa bei ya mafuta." Ujumbe huo sisi, tunaowapikia na kuwapelekea wagonjwa wa kongosho chakula cha mafuta kidogo, tuliletewa juzi na bwana mmoja wa Mamboleo, Kisumu, na si yeye wa kwanza. Alikuwa amelipa shilingi 950 za chakula cha siku nzima cha mkewe, aliyetoka wodini baada ya kongosho kuvimba. Akafungua vile vikopo vitano vidogo, akaona ameibiwa. Kando ya ziwa, anasema, pesa hiyo inamletea ngege mzima wa kukaanga, ugali na sukuma, na chenji inabaki. Ni kweli kabisa. Ila mkewe akimla ngege huyo, usiku hatalala, na nauli ya kurudi hospitali hatukuiweka kwenye hesabu.

Kongosho ndilo linalotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta, na ndilo linalotoa insulini. Likishaharibika kwa muda mrefu, mafuta yanapita tu tumboni. Choo kinapauka, kinang'aa mafuta, kinaelea na hakiondoki hata ukimwaga maji mara mbili, na harufu yake hadi jirani anaijua. Mtu anakula na bado anakonda. Wateja wetu wengi huja na karatasi ya mtaalamu wa lishe iliyoandikwa gramu 30 hadi 50 za mafuta kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kama gramu 14. Sasa fikiria sufuria ya nyumbani, ambako mafuta humiminwa kutoka mtungini huku mpishi anaongea na simu.

Njia ya mkato tunayoiona kila mara ni hii: mtu ananunua samaki wa kukaanga, anambandua ngozi, anamsuuza kwa maji moto, kisha anamtia nyanya. Mafuta ya karai yameshaingia kwenye nyama, hayatoki kwa kusuuzwa. Wengine huagiza hotelini samaki wa mchuzi wakidhani amechemshwa. Hoteli nyingi humzamisha kwenye karai kwanza, ndipo zikamrudisha kwenye nyanya na dania. Kwetu ngege anaingia mbichi kwenye nyanya, kitunguu na tangawizi, moto mdogo, sufuria imefunikwa. Mbuta tunamchukua pia, lakini ile nyama ya tumbo yenye mafuta tunaikata na kuitupa, na muuza samaki hakubali kutupunguzia bei kwa sababu tumeitupa. Kuku vivyo hivyo: tunalipia kuku mzima, tunapika asiye na ngozi.

Supu ya mifupa ndiyo inayotuchosha zaidi. Tunaichemsha leo, inapoa, inalala frijini. Asubuhi ukifunua unakuta juu kumeganda utando mweupe, mgumu, unaobanduka mzima kama chapati. Tunauinua kwa mwiko, tunachuja kinachobaki, ndipo supu inapimwa. Binti mmoja aliyekuja kuhakikisha kama kweli tunafanya kazi alisimama pale jikoni akautazama utando ule, akanyamaza, kisha akaomba kwenda nao nyumbani akaangie viazi. Tulimpa. Hakuuliza bei tena.

Kuhusu vikopo vitano. Kongosho gonjwa halipendi sahani iliyojaa, ndiyo maana wengi huambiwa wale kidogo kidogo, mara tano au sita. Vikopo ni vingi, boda anakuja mara mbili, na kila kimoja kimepimwa kwa mizani. Mzee mmoja wa Milimani aliona ni usumbufu, akawa anavimwaga vyote kwenye sinia saa saba mchana na kula kama kawaida yake. Jioni tumbo likamshika hadi mgongoni, na mwanawe akatupigia kutugombeza. Chakula kilikuwa kilekile, gramu zilezile. Kilichobadilika ni sinia.

Halafu kuna wanaokimbilia upande wa pili. Mwalimu mmoja wa Ahero aliambiwa apunguze mafuta, akaondoa kila kitu: ikawa uji mweupe, ugali na mboga ya kuchemsha tu. Alipotufikia, suruali ilikuwa inashikwa na kamba. Mwili unataka protini, na unahitaji mafuta kiasi, kwa sababu vitamini A, D, E na K husafiri nayo. Tulipomuuliza kuhusu kapsuli za vimeng'enya alizoandikiwa, akasema ni ghali, kwa hiyo humeza moja tu, usiku, akienda kulala. Hapo ni sawa na kuzitupa. Kapsuli huanza na matonge ya kwanza, nyingine katikati ya chakula kama umeandikiwa zaidi ya moja, na hata glasi ya maziwa huwa na yake. Isitafunwe, wala isimezwe na chai ya moto, maana joto linaua vimeng'enya. Alirudi kwa daktari wake, akapangiwa upya. Wapo ambao kapsuli zikiwakaa vizuri daktari huwaruhusu mafuta zaidi; wakituletea karatasi mpya, nasi tunaongeza. Hatuna kiu ya kumlisha mtu chakula kikavu.

Mboga za kienyeji, osuga na dek, tunazichemsha na kuzilaza kwenye maziwa kama nyumbani, ila maziwa hayo yameshachemka, yakapoa, yakaondolewa malai. Mama mkwe mmoja huko Kondele alimwonea mgonjwa huruma, akaongeza samli "kidogo tu ya ladha". Saa tano usiku simu: chakula chenu kimemuumiza mtoto wetu. Tafadhali, kabla ya kutupigia, ulizeni jikoni kwenu kwanza. Na njugu si kitafunio chepesi, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Nusu ya parachichi la wastani inaweza kubeba gramu 15. Mboga nazo mnalalamika ni kidogo; zinapimwa kidogo makusudi, kwa kuwa nyuzinyuzi zikizidi huzuia vimeng'enya vya kwenye kapsuli kufanya kazi.

Pombe hatuijadili. Bia, busaa, chang'aa, hata "glasi moja ya harusi", na sigara pia: anayeendelea nazo, sisi tunamrudishia pesa ya siku zilizobaki.

Kisukari kinaweza kufuata ugonjwa huu. Kama mgonjwa ameshaanza insulini, tuambieni kabla ya oda ya kwanza, kwa sababu ugali, ndizi na uji vitapimwa upya.

Bei inabaki 950 kwa siku, na karatasi ya hospitali ni lazima. Anayeona ni nyingi ana njia nyingine: Jumamosi asubuhi mlete anayepika nyumbani kwenu, aje na sufuria yake na kijiko anachopimia mafuta. Tunamfundisha samaki, supu na osuga kwa shilingi 1,500, mara moja tu. Bwana wa Mamboleo ameshaandikisha shemeji yake. Nafasi ni chache kwa sababu jiko ni dogo, na oda za Jumatatu zinafungwa Jumamosi saa kumi jioni, supu ipate kulala.