Taa ya kristali: anza na nyaya, si vioo

Mhariri,

Wengi wanaofufua taa kuukuu za kristali huanza kung'arisha vioo, kumbe hatari imejificha ndani ya mikono ya taa. Nyaya za zamani zenye ganda la mpira au kitambaa hukaushwa na joto la balbu. Ukizipinda kidogo tu, ganda linapukutika na shaba inabaki wazi, ikigusa chuma. Nyaya hizo hazifungwi utepe, zinabadilishwa. Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa kuwa hakuna umeme, kisha funga waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani na uuvute wa zamani polepole mpaka mpya upite. Waya wa ethi, yaani unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ufungwe kwenye kiunzi cha chuma. Taa nyingi za zamani hazina waya huo kabisa.

Vioo vipige picha kabla ya kuvishusha. Tandika taulo ndani ya beseni, vioshe kimoja kimoja kwa maji vuguvugu na tone la sabuni, suuza, kausha papo hapo. Maji yakijikaukia huacha madoa meupe. Dawa zenye amonia achana nazo kabisa, hula shaba ya vipini vinavyoshika vioo.

Na ndoano ishikwe na boriti, si ubao wa dari.

Fundi wa taa