Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: dagaa tunamwanika, wimbo tunausafirisha mbichi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Mwanga, mjini hapa, ambako nina studio ndogo ya kurekodi muziki: chumba kimoja, magodoro ukutani kuzuia kelele za bodaboda.

Ukitaja Kigoma popote nchini, watu wanakujibu Diamond Platnumz, Ali Kiba, asili yao huko. Nasi tunavimba kichwa. Ila sifa hailipi kodi ya pango Ujiji. Kijana akishaiva kwa kuimba anapanda treni. Wimbo anarekodi Dar es Salaam, video anapigia Dar es Salaam, na hela inazunguka hukohuko. Dagaa angalau tunamwanika wenyewe Kibirizi kabla hajaondoka.

Juzi nilikuwa kwenye harusi yenye ngoma, nikakaa kuhesabu waliolipwa. Wapiga ngoma, MC, mpambaji, mwenye turubai na viti, fundi mitambo, mpiga picha, mama wa chapati nje ya geti, bodaboda mpaka alfajiri. Mafundi cherehani walioshona sare za vitenge walishakula chao kabla ngoma haijalia. Hakuna hata mmoja kati yao anayeitwa mwekezaji.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vijana ninaofanya nao kazi walipeleka andiko la kununua kamera na maiki kwenye ofisi moja, sitaitaja. Wakaulizwa, "Sasa mradi wenyewe uko wapi?" Wakashauriwa wafuge kuku. (Kuku sina ugomvi naye, hasa akishachomwa.)

Ninachoomba ni neno lako kwa wanaopitia maandiko hayo: kurekodi, kushona, kuchora na kupiga picha ni miradi kama mingine. Na maafisa utamaduni watufuate mitaani watufundishe kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, lakini mwaka jana kijana wa Gungu aliuza wimbo wake kwa bei ya nauli, bila hata karatasi. Wimbo huo nimeusikia kwenye daladala mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Ukipita Mwanga, Mheshimiwa, karibu studio. Umeme ukiwepo nitakusikilizisha anayefuata, kabla naye hajakata tiketi.

Wako mtiifu,
Fundi wa studio, Mwanga