Buabua waachiwe mwamba wao msimu wa kutaga

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu vijisiwa vya mawe huku Tanga, vile visivyo na mti wala maji, ambavyo watu wanaona ni mahali pa kupigia picha tu. Kuna kimoja sikitaji jina makusudi, maana nikikitaja Jumapili ijayo kitajaa watu. Hapo ndo buabua, ndege wa baharini, wanataga.

Sasa kwa asiyewajua, buabua hana habari ya kujenga kiota. Yai linawekwa hapohapo juu ya jiwe, kwenye kishimo kidogo, moja au mawili basi, lina rangi kama ya mchanga na madoadoa ya kahawia, unaweza ukalikanyaga na macho unayo. Watu wakishuka kundi zima linaruka linapiga kelele, vijana wa pikiniki wanafurahi, wanarusha droni, cheki ndege walivyo wengi, kumbe pale chini mayai yamebaki wazi na jua la saa sita na jiwe lenyewe linaunguza hata mguu. Likikaa hivyo muda kidogo tu yai limekwisha. Hapo sijataja kunguru, hawa walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na leo wamejaa pwani nzima, akikuta yai halina mwenyewe ni lake. Na wapo pia watu wanaookota mayai wakale, hilo tunalijua sote hatusemi tu.

Wenye boti siwalaumu sana, mgeni ndo anayelipa na mgeni anataka kushuka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dago. Mvuvi anapiga kambi kisiwani na gunia la unga, ndoo, nyavu, na ndani ya mizigo panya naye kasafiri bure. Panya anakula mayai anakula na makinda, akishazaliana pale kumtoa ni shughuli pevu. Huko visiwa vya Chagos katikati ya Bahari ya Hindi kuna utafiti ulitoka 2018, walilinganisha visiwa vyenye panya na visivyo na panya, pasipo na panya ndege ni wengi mno, kinyesi chao kinaoshwa na mvua kinaingia baharini kinarutubisha miamba, na jumla ya uzito wa samaki wa mwambani ikazidi kwa karibu nusu. Yaani yale mavi meupe tunayoyakunjia pua ni mboji ya changu na tasi wetu.

Halafu kuna wanaosema ndege wanatumalizia dagaa. Jamani! Muulize mvuvi yeyote wa jodari, akiona buabua wamekusanyika wanajitupa majini anageuza chombo hukohuko, anajua chini jodari wamepandisha dagaa juu. Tanga hii aliyetuharibia bahari ni baruti ya kuvulia samaki, sio buabua.

Tumeshaona ya kisiwa cha Maziwe kule Pangani. Kilitangazwa hifadhi tangu 1975 lakini mivinje ikaisha, mchanga ukaliwa na maji, leo ni fungu la mchanga tu, maji ya bamvua yakijaa linazama na mayai ya kasa inabidi yahamishiwe ufukwe wa Ushongo. Najua Maziwe ni mchanga na mimi naongelea mawe, ila ninachosema ni kwamba tangazo peke yake halilindi kitu. Kisiwa cha Fungu Kizimkazi bado kuna ndege wengi wanazaliana, na mi naamini kilichowasaidia ni kuwa mbali sana na watu. Wa kwetu huku mtu anawafikia asubuhi na adhuhuri karudi kula nyumbani.

Sisemi kifungwe mwaka mzima. Nasema wakati ndege wapo kwenye mayai na makinda asishuke mtu, boti ipite kwa mbali, mgeni atumie darubini, droni zibaki nyumbani, na dago lihamie visiwa vikubwa. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga, yenye jina la yule samaki wa kale, ipo tangu 2009, BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, vipo kila mwalo, wakae na wenye boti waandike sheria ndogo kabla kusi halijaanza, haihitaji mfadhili hiyo. Nilipomwambia bwana mmoja wa ofisi inayohusika akanijibu lete barua. Barua ndo hii, na nakala nampelekea.

Msomaji wako,
Sahare, Tanga