Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa wilaya yetu: Watoe mwana hiti stoo

Ndugu Afisa,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Nisingeandika hadharani, lakini Jumatatu nilikuja ofisini kwako kuulizia kabati la kioo ulilotuahidi la kuwawekea mwana hiti, wanasesere wetu wa mti wa jadi, nikaonyeshwa stoo. Mwana hiti waliotolewa na bibi zetu wamelazwa chini ya viti vibovu. Mmoja ameliwa na mchwa kuanzia kitakoni. Ukimshika unabaki na unga mkononi. Kijana wa ofisi akasema, "Mama, hivyo vya uganga hapa hakuna anayevigusa." Nilitoka natetemeka.

Uganga gani, Ndugu Afisa? Uzaramoni na Ukwereni mwali akiwekwa ndani alikabidhiwa mwana huyo wa mti, anayeenea kiganjani, hana mikono, nywele zimechongwa mafungu mawili. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamvisha shanga, akajifunza kulea kabla hajazaa. Sura hiyohiyo wazee waliichonga kwenye fimbo za wakubwa na nguzo za makaburi. Wenzake wamo makumbusho ya Ulaya, wanatunzwa.

Binti yangu ana mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za njano mpaka kiunoni. Juzi kaniuliza kwa nini zake haziwi hivyo. Usilione dogo hilo. Marekani, miaka ya 1940, Kenneth na Mamie Clark waliwawekea watoto weusi wanasesere weupe na weusi, wengi wakasema mweupe ndiye mzuri. Utafiti huo ulifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1954 ilikataza kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma.

Ulituahidi mbele ya wazee, ukasimama kabisa, kwamba kabati litakuwa tayari kabla ya masika. Masika yalipita, na vuli nayo imepita. Labda fedha hazikuja. Mimi nashuku mnaogopa kusemwa kwamba mnafuga mizimu. Kama ni hivyo, waiteni bibi waliowatoa, wangali hai, wawaeleze watu.

Siombi jengo wala posho. Watoe stoo. Kabati likikosekana, tukabidhini wenyewe, tutawatunza majumbani kama walivyotunzwa zamani. Lakini watoe stoo wiki hii, Ndugu Afisa, mvua zikianza mchwa hawatabakisha kitu.

Wako,
Mama wa Kizaramo, mkazi wa wilaya yako