Barua ya Malalamiko: Ford ya 1930 Mliyoibadilisha Bila Idhini Yangu

Nairobi,
10 Machi 2025.

Kwa Meneja Mkuu,
Karakana ya Magari,
Eneo la Viwandani,
NAIROBI.

Bwana Meneja,

KUH: FORD MODEL A YA 1930: KAZI ISIYOAGIZWA, VIFAA VILIVYOTUPWA NA INJINI ILIYOHARIBIKA

Nimepiga simu nikaambiwa uko mkutanoni. Nimefika mapokezi nikapewa soda na ahadi ya kupigiwa. Sasa naweka mambo kwenye karatasi, ili pasiwe na wa kusema hakuelewa ninachodai.

Kadi ya kazi iliyojazwa na msimamizi wenu mwezi wa Januari, ambayo nakala yake nimeambatisha, ina mistari mitatu tu: kusafisha rejeta, kubadilisha laini za breki (zile bitana za kusugua) kwenye magurudumu yote manne, na kukaza bering za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, kwa kuwa injini ilikuwa imeanza kugonga kidogo ikipanda mlima. Chini ya mistari hiyo niliandika kwa mkono wangu kwamba kisiguswe kitu kingine chochote kabla sijapigiwa simu. Msimamizi akasoma, akatia sahihi. Makadirio yalikuwa shilingi 95,000.

Siku ya kulichukua gari niliambiwa halitoki getini mpaka nikamilishe shilingi 386,400. Nililipa huku nikilalamika, na ankara yenye maelezo ikaja kwa barua pepe jioni, gari likiwa tayari limeshakwama njiani. Nitaifikia safari hiyo. Kwanza ankara yenyewe.

Mstari wa saba unanitoza chupa mbili za mafuta ya breki pamoja na kazi ya kutoa hewa kwenye mfumo. Hewa gani? Breki za Model A ni za vyuma. Ukikanyaga pedali, inavuta fito, fito zinavuta mikono iliyo kwenye magurudumu, basi. Hakuna bomba wala silinda, na hakuna hata tone la mafuta ya breki katika gari zima. Mstari wa tisa ni filta ya oili. Injini hii ilitoka kiwandani bila filta ya oili, na haina hata mahali pa kuifungia. Ama mlinakili ankara ya Probox ya mteja mwingine, ama kuna Probox hapa Nairobi inayotembea na filta niliyoilipia mimi.

Hayo ni ya pesa, na pesa huhesabika. La injini ndilo linalonikosesha usingizi.

Bering za gari hili si zile za vipande ambazo mtu hununua Kirinyaga Road akaenda kuzipachika. Ni metali nyeupe laini, mchanganyiko wenye bati nyingi, iliyoyeyushwa na kumiminwa papo hapo kwenye konrodi na kwenye bloki. Kati ya konrodi na kifuniko chake hukaa shimu, vibati vyembamba kama ganda la kitunguu. Bering ikilika, fundi hutoa shimu kidogo kidogo, anakaza nati, anazungusha krenki kwa mkono na kuupima uzito wake. Ikiwa nzito kupita kiasi, anarudisha shimu. Ni kazi ya subira, haihitaji mashine yoyote ya gharama, na hata mtu aliye mbali na mji aliweza kuifanya akiwa amelala chini ya gari lake.

Fundi wenu alitupa shimu zote kisha akavipiga tupa vifuniko. Sisemi kwa kukisia. Nimevishika mkononi. Alama za tupa zimelala mshazari juu ya kila kifuniko, na kile cha silinda ya tatu kimeliwa upande mmoja kuliko wa pili, kiasi kwamba ukikiweka juu ya kioo kinayumba. Shimu hurudishwa, chuma kilichokwisha kupigwa tupa hakirudi.

Kutoka hapo kila kosa lilizaa jingine. Bering zilikaza mno, krenki ikawa nzito. Staata ya gari hili ni ya volti 6, na kwa injini iliyofungwa vibaya namna hiyo haikuweza kuizungusha. Badala ya kufungua tena na kuona kosa liko wapi, mlileta betri ya volti 12. Betri ya 12 haichajiwi na dainamo ya 6, kwa hiyo dainamo ikang'olewa, ikafungwa oltaneta. Koili ya zamani ingeungua, nayo ikatolewa. Balbu zikafuata. Gari hili tangu lilipoundwa waya chanya ndio unaofungwa kwenye bodi. Ninyi mkageuza, na mshale wa ampea kwenye dashibodi sasa unasoma kinyume. Staata yenyewe mliiacha ya volti 6, ikawa inapokea umeme maradufu, na kila ukiwasha, meno yake yanaipiga flaiwili kwa kishindo ambacho hata bawabu wenu aligeuka kukitazama.

Siku ile niliomba injini izungushwe kwa hendeli kabla sijalipa. Model A ina tundu la hendeli pale mbele chini ya rejeta, na injini iliyofungwa vizuri mtu mzima huizungusha kwa mkono mmoja. Kijana wenu aliishika kwa mikono miwili, akaning'inia hadi visigino vikaacha sakafu. Haikusogea. Msimamizi akacheka akasema, "Mzee, siku hizi nani anawasha gari kwa hendeli? Tumekuboreshea, sasa ni gari la kisasa." Sikuwaletea gari la 1930 ili liwe la kisasa. Magari ya kisasa yamejaa Mombasa Road.

Boresho jingine lilikuwa pampu ya petroli ya umeme. Ningependa aliyeifunga anieleze alidhani ina kazi gani. Tangi la petroli la Model A liko mbele ya kioo, juu ya magoti ya dereva, na petroli inashuka yenyewe hadi kwenye kabureta ya Zenith iliyo chini. Ndiyo maana gari halikupewa pampu. Sindano ndani ya kabureta hiyo imeundwa kuzuia petroli inayoteremka kwa uzito wake tu. Ukiisukuma kwa pampu, inashindwa kufunga, kabureta inafurika na petroli inadondoka, jirani na ekzosi. Hapo tumeshatoka kwenye habari ya ukale wa gari. Ni moto. Na kama shida ilikuwa mchanganyiko mzito, yaani petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, ambalo ni jambo la kawaida kwa kabureta yoyote ya zamani huku kwetu juu ambako hewa ni nyepesi, Ford waliweka kijiti ndani ya gari cha kuupunguza. Unakizungusha kwa vidole ukiwa umekaa kwenye kiti.

Nililitoa gari saa nne asubuhi. Kufika Mbagathi Way, pale barabara inapoanza kupanda, harufu ya petroli ilikuwa imejaa ndani na mlio wa kugonga ulikuwa umerudi, mara hii mzito, wa chuma kwa chuma. Nikazima, nikaita gari la kubeba. Fundi mwingine alipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mbele yangu, tulikuta vipande vya metali nyeupe vinavyong'aa vimetapakaa kwenye oili. Hizo ndizo bering zangu. Picha zimeambatishwa pamoja na taarifa yake iliyotiwa sahihi.

Rejeta mliisafisha vizuri, na laini za breki ni sawa. Kazi hizo mbili nimeshazilipia na sizidai.

Sasa kuhusu vitu mlivyotoa. Dainamo, koili, balbu, shimu, na vile vipande vinne vya shaba ya njano vinavyopeleka umeme kutoka kwenye distribyuta hadi kwenye plagi. Model A haitumii waya hapo. Inatumia vipande hivyo, na ni moja ya vitu ambavyo mtu anayeyajua magari haya huvitazama kwanza akifungua boneti. Mmeweka waya nne nyekundu zilizofungwa pamoja kwa selotepu. Tangazo lenu ukutani linasema mnatengeneza magari ya kale kwa viwango vya Concours d'Elegance, yale mashindano ya pale uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road. Majaji wa pale huinama wakachungulia hadi uvunguni. Sijui mlitaka niwaambie nini kuhusu selotepu.

Nilipouliza vitu hivyo viko wapi, mtu wa stoo alinijibu kwamba vilichukuliwa na wa vyuma chakavu pamoja na takataka nyingine. Msimamizi akaongeza kwamba hata hivyo spea za gari hilo hazipatikani tena duniani. Si kweli. Ford waliunda Model A zaidi ya milioni 4 kati ya 1927 na 1931, na hadi leo kuna viwanda Marekani vinavyotengeneza spea zake mpya, shimu zikiwemo. Zinaagizwa tu. Na hata zingekuwa hazipatikani, hiyo ingekuwa sababu ya kuvihifadhi vya kwangu kwa uangalifu zaidi, wala si ya kumpa mtu wa mkokoteni.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 ina sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari. Inamzuia mkarabati kutoza kazi ambayo mwenye gari hakuiidhinisha, na inamtaka amrudishie mwenyewe vipuri alivyovitoa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na ya kufidiwa hasara. Na kwa kuwa biashara ya vyuma chakavu siku hizi ni ya leseni, aliyevichukua vitu vyangu anajulikana, ama anapaswa kujulikana.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie vifaa vyote mlivyovitoa kwenye gari, vilevile vilivyokuwa. Kama mmeviuza, mnipe kwa maandishi jina la mnunuzi na nakala ya risiti ili nivifuate mwenyewe, na kitakachokosekana mkilipie pamoja na gharama ya kukiagiza na ushuru. Mnirudishie fedha zote zilizozidi kazi tatu za kwenye kadi, zikiwemo za mafuta ya breki na filta, pamoja na malipo ya kazi ya bering, ambayo siwezi kuiita kazi. Mlipie kumiminwa upya kwa bering, kuchongwa kwake na kutafutwa kwa vifuniko vingine, katika karakana nitakayoichagua mimi. Sitakubali kazi hiyo irudi kwenu, hata ikiwa ya bure. Gharama ya gari la kubeba iko kwenye risiti niliyoambatisha.

Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakapopokea barua hii. Zikipita, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Nimejumlisha kila kitu na dai langu halifiki shilingi milioni 1, kwa hiyo linaingia pale bila shida, na mahakama hiyo inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60.

Vifaa vikipatikana, msimtume mtu wa boda. Dainamo ni kitu kizito lakini kinavunjika. Nipigieni, nitakuja na fundi wangu tuvikague kimoja kimoja hapo mezani kwenu kabla ya kutia sahihi popote.

Wako mwaminifu,

Mteja, mwenye Ford Model A ya 1930.

Viambatisho: kadi ya kazi, ankara, risiti za malipo na za gari la kubeba, picha za vifuniko na sampu, taarifa ya fundi.

Nakala: Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.